Ipi ndiyo char kuey teow ya kweli, na kwa nini yangu inakuwa bokoboko?

*"Assalaam alaykum. Mimi na mke wangu tulisoma Malaysia, na kule Penang tulizoea char kuey teow ya mama mmoja wa Kimalay: tambi pana za mchele, kamba, yai, kombe na mchuzi mzito kidogo. Rafiki yetu Mchina akatuambia hiyo siyo yenyewe, yenyewe ni kavu na hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Tulipokwenda Singapore tukaletewa nyeusi, tamu, imechanganywa na tambi za njano. Jakarta ikawa nyingine kabisa. Sasa tupo Dar es Salaam, mke wangu ni mjamzito na anaitamani. Nanunua tambi kavu za dukani, nazichemsha kama pakiti inavyosema, lakini nikizitia kwenye karai zinakatika na kushikana, mwisho tunakula bokoboko. Ipi ndiyo ya kweli? Bila nguruwe inapungukiwa nini? Nakosea wapi? Na kombe wa Unguja wanafaa? Maana kule walikuwa wanatiwa mwishoni, nusu wabichi."*

Waalaykum salaam, na hongereni kwa mgeni mnayemtarajia.

Umeuliza mambo manne, lakini karibu yote yanarudi kwenye maji. Maji yaliyobaki kwenye tambi zinapopakuliwa yanaitofautisha sahani ya Penang na ile ya Singapore kuliko hata nguruwe, na maji hayohayo ndiyo yanayokupa bokoboko. Nitafika huko. Kwanza tumalize ubishi wa rafiki yenu.

Alichowaambia ni kweli kwa meza ya kwao. Chakula hiki kilifika bandari za Mlango wa Malacca na wahamiaji wa Kichina wa jamii za Teochew na Hokkien, watu wa mashariki ya Guangdong na kusini mwa Fujian, majimbo ya pwani ya kusini mwa China. Kilikuwa chakula cha vibarua: tambi za mchele, soya, na mafuta ya nguruwe kwa wingi, kwa sababu yalikuwa rahisi na yanamshibisha mtu anayebeba mizigo kutwa. Lakini ukienda Chaozhou au Shantou, walikotoka hao Teochew, utakuta tambi hizo zimekaangwa na nyama ya ng'ombe na mboga za majani, au na figili iliyokaushwa kwa chumvi. Kombe na pilipili ya kusaga, ambavyo rafiki yenu hawezi kuila bila hivyo, viliongezwa huko Malaya, kwa kuwa matope ya pwani ya magharibi ya rasi ile yana kombe tele na pilipili ilikuwa tayari jikoni mwa wenyeji. Sahani anayoitetea kama ya asili ilikuwa imeshachanganya damu kabla babu yake hajazaliwa. Mama wa Kimalay aliyewapikia alifanya vilevile walivyofanya waliomtangulia: alipika kwa alivyonavyo na kwa anavyoruhusiwa.

Kwa hiyo usihangaike na ya kweli. Uliza ya wapi.

Ya Penang ni kavu. Ukisimama karibu na mkaangaji utaona karai linatoa moshi kabla chochote hakijaingia. Anatia mafuta, kitunguu saumu, kamba, kisha tambi za sahani moja tu. Soya huizungushia ukingoni mwa karai, haimwagi juu ya tambi, ili iungue kidogo kabla ya kuteremka. Anasukuma tambi pembeni, anapasua yai kwenye nafasi iliyobaki, anahesabu pumzi mbili tatu, anazirudisha tambi juu yake. Pilipili, chipukizi za choroko, kombe, na kuchai, yale majani membamba ya jamii ya kitunguu. Imeshuka. Wachache bado wanatumia mkaa na feni, na ukiongeza pesa utapasuliwa yai la bata, ambalo kiini chake ni kikubwa na kizito zaidi. Rangi yake ni kahawia hafifu, na sahani ikiisha chini unabaki mng'ao wa mafuta, hakuna mchuzi. Medan, ng'ambo ya pili ya mlango huo upande wa Sumatra, wana ndugu yake wa karibu sana.

Singapore hupenda nyeusi. Weusi huo si kuungua, ni soya nzito tamu iliyokolezwa sukari, na ndani yake tambi za mchele huchanganywa na tambi za njano za ngano. Huachwa na unyevu, laini zaidi, na utamu hutangulia chumvi. Mimi naona ngano inaufunika mchele, ila usiseme hivyo mbele ya Msingapore. Na ukikuta popote duniani sahani inayoitwa "tambi za Singapore", tambi nyembamba za mchele zenye bizari ya njano, jua kwamba hiyo ni ya mikahawa ya Hong Kong ya Wakantoni, Wachina wenye asili ya Guangzhou na kandokando yake. Singapore kwenyewe si chakula chao.

Kuala Lumpur na Ipoh wako chini ya mkono wa Wakantoni, na Wakantoni wana tambi zao pana zaidi. Zimepewa jina la Shahe, mahali palipo ndani ya jiji la Guangzhou. Kwao kuna njia mbili: kavu na nyama ya ng'ombe, ambayo ndiyo mtihani wa mpishi kwa sababu tone la mafuta likizidi linaonekana, au tambi zilizobabuliwa kisha zikamwagiwa mchuzi mzito wenye yai lililovurugwa, wat tan hor. Wamalay walichukua wazo hilo la mchuzi wakaliendeleza. Mliyokuwa mkila ninyi ni mtindo wa basah, yaani wa maji, na vibanda vyao vina pia za kungfu na za ladna, hii ya mwisho ikiwa imetoka Thailand.

Jakarta mlikula kwetiau goreng. Indonesia hutumia kecap manis, soya iliyopikwa na sukari ya mnazi au ya mitende mpaka ikawa nzito, na kwa kuwa wateja wengi ni Waislamu, kuku, ng'ombe na mipira ya nyama imechukua nafasi ya nguruwe. Pontianak, kwenye kisiwa cha Kalimantan, inajulikana kwa ile ya ng'ombe yenye nyama na matumbo. Thailand wana pad see ew, ambayo ni ya ukoo huuhuu. Pad thai ni nyingine: tambi nyembamba zaidi, ukwaju, mchuzi wa samaki, karanga, tena ilipigiwa debe na serikali ya Plaek Phibunsongkhram, kiongozi ambaye chini yake nchi ilibadili jina kutoka Siam mwaka 1939. Nalitaja hili kwa sababu tambi kavu unazopata Dar mara nyingi zimekatwa kwa upana wa pad thai. Tafuta pakiti ya pana kuliko zote, zinazokaribia upana wa kidole.

Nguruwe sasa. Mafuta yake hufanya kazi tatu: yanazifunika tambi zisishikane, yanaleta harufu ya nyama, na vipande vyake vilivyokaangwa vikakauka vinaleta kitu cha kutafuna kati ya vitu laini. Mafuta ya alizeti yanafanya kazi ya kwanza tu, ndiyo maana unahisi kuna kitu kimepungua. Badala yake mwombe muuza kuku ngozi. Zikate vipande vidogo, weka kwenye sufuria na vijiko viwili vya maji, moto mdogo, uziache mpaka maji yakauke na ngozi zibaki zimekakamaa ndani ya mafuta yao. Chuja. Mafuta hayo ndiyo ya kukaangia, na ngozi zile utazinyunyizia mwishoni. Yatakupa mambo yote matatu. Mafuta ya ng'ombe sikushauri: yakipoa kidogo tu yanaganda kwenye kaakaa. Zile soseji tamu za Kichina ziache zilivyo, wala usihangaike na mbadala.

Soya nayo ina kiasi kidogo cha pombe kinachotokana na kuchacha kwake. Chupa nyingi za Malaysia zina alama ya halali ya JAKIM, idara ya serikali yao ya mambo ya Kiislamu, mnayoijua. Ukipata isiyo na alama na moyo wako una shaka, hilo mpelekee shehe wako, mimi uwezo wangu unaishia kwenye karai.

Tambi zako zinavunjika kwa sababu umezipika mara mbili, pengine tatu. Tambi za ngano zina gluteni, wavu unaozishika hata ukizigeuza ovyo. Mchele hauna wavu huo. Kinachoshika tambi ya mchele ni wanga wake tu, uliovimba kwa maji na moto ukawa kama gundi, kisha ukapoa ukakaza. Kazi hiyo ilishafanyika kiwandani: tambi zilipikwa kwa mvuke ndipo zikakaushwa. Zinachohitaji kwako ni kurudishiwa maji, siyo kupikwa upya. Maelezo ya pakiti mara nyingi yanamlenga mtu wa supu. Ukizichemsha, wanga unavimba kupita kiasi na kuvuja nje, ndiyo ule utelezi unaoshikamana, na ndani tambi inabaki haina nguvu. Ukiigusa tu kwa mwiko imekatika.

Loweka kwenye maji ya kawaida ya bomba, yasiyo moto. Nusu saa kwa nyembamba, saa nzima kwa pana. Zimefika pale unapoweza kuizungushia tambi kidoleni bila kukatika, lakini ukiitafuna katikati bado ni ngumu. Hapo zichuje, na uziache kwenye chujio robo saa nyingine. Watu hupuuza robo saa hii, na kuipuuza ndiko kunakoharibu zaidi. Mwishowe zichanganye na kijiko cha mafuta. Ugumu uliobaki utaishia kwenye karai.

Kwa nini nakazania maji yaliyoning'inia kwenye tambi? Piga hesabu. Gramu 100 za maji yaliyokwisha kuchemka zinahitaji kilojuli 226 hivi ili ziwe mvuke. Jiko la gesi la nyumbani, ukiondoa moto unaopotea pembeni, linaingiza kwenye karai kilowati moja na ushei. Hizo ni dakika tatu hadi nne za kukausha maji tu, na muda wote huo joto la chakula halipandi kupita nyuzi 100, wakati ile harufu ya kubabuka inataka zaidi ya 140. Kwa hiyo huwi unakaanga, unatokosa, na tambi zinaendelea kunywa. Majiko ya wakaangaji hutoa moto unaouzidi huo mara kadhaa. Maji kwao yanatoweka papo hapo, na matone ya mafuta yanayoruka yakishika moto hewani huacha ule moshi ambao Wakantoni huuita wok hei.

Huna jiko hilo, ila unaweza kupunguza kazi. Pika sahani moja kila mara, hata kama mko wanne. Gramu 200 za tambi zilizolowekwa zinatosha. Kamba wafute kwa kitambaa. Chipukizi za choroko, ambazo karibu zote ni maji, zioshe mapema zikauke. Changanya soya pembeni: vijiko viwili vya chai vya nyepesi, kimoja cha nyeusi, chembe ya sukari. Tumia karai zito la chuma na uliache lipate moto mpaka litoe moshi. Kikaango cha kutoshika hakifai, maana utando wake huanza kuharibika na kutoa mvuke mbaya unapopita nyuzi 260 hivi. Tambi zikishaingia, zitandaze na uziache bila kuzigusa kwa sekunde kama 20, ndipo uzigeuze kwa kuzinyanyua kutoka chini. Ukikoroga kama unasonga ugali, umezimaliza.

Na mkaa je? Jiko zuri la mkaa lililopepewa na feni ndogo linapita gesi nyingi za nyumbani, na ni hilohilo la wazee wa Penang. Likae nje au barazani penye upepo. Ndani ya chumba kilichofungwa mkaa hutoa kaboni monoksidi, na mjamzito na mtoto aliye tumboni ndio wanaodhurika upesi.

Tambi mbichi unaweza kuzitengeneza mwenyewe. Loweka mchele wa kawaida usiku kucha kama unataka kumimina mkate wa sinia, usage kwenye blenda ulainike kabisa. Unga mkavu wa mashineni huacha chengachenga. Ukilazimika kutumia unga, chukua gramu 150 za unga laini wa mchele na 50 za wanga wa muhogo kwa mililita 450 za maji, chumvi kidogo na kijiko cha mafuta. Upumzishe nusu saa, mimina tabaka jembamba kwenye sinia lililopakwa mafuta, funika upike kwa mvuke dakika tatu hadi tano. Ikipoa, paka mafuta, kunja, kata. Wanga wa muhogo ndio unaozipa mvuto zisikatike. Kaanga siku hiyohiyo. Kwenye friji zitakuwa ngumu na za kukatika, kwa kuwa wanga uliopoa hujipanga upya na kukaza, na baridi ya friji ndiyo inayouharakisha. Zikishakuwa hivyo usizibandue kwa nguvu. Zirudishe kwenye mvuke kwanza, zitalainika.

Lakini usije ukaziacha mezani kwa kukwepa friji. Bakteria aitwaye Bacillus cereus hupenda vyakula vya mchele vilivyopikwa vikaachwa kwenye joto, na sumu yake ya kutapisha haifi kwa kupashwa moto. Ipo sumu nyingine ya bakteria iliyo mbaya zaidi, asidi ya bongkreki. Machi 2024 huko Taipei watu walipata sumu hiyo kwenye mkahawa wa vyakula vya Kimalaysia, wengi wao wakiwa wamekula char kuey teow hii, na kadhaa walifariki. Sumu hiyo haina harufu wala ladha, na moto hauiondoi. Huku kwetu inatuhusu pia, kwani ndiyo iliyopatikana kwenye pombe ya kienyeji iliyoua watu 75 mkoani Tete, Msumbiji, Januari 2015. Hutokea kwa nadra, lakini Dar ina joto na unyevu unaomfaa bakteria wake. Tambi mbichi zilizolala nje ya friji, au zilizolowekwa tangu jana, zimwage hata kama zinanukia vizuri.

Kombe nimewaacha mwisho kwa sababu hapo sitakubembeleza. Wale wa magamba yenye mifereji ambao akina mama wa Unguja huwaokota maji yakipwa ni ndugu wa hao wa Malaysia, na ladha yao inafaa kabisa. Wekundu wao si uchafu. Ni hemoglobini kama iliyo kwenye damu yetu. Tatizo ni kwamba kombe hula kwa kuchuja maji, na kilichomo majini, kikiwemo cha chooni, hubaki ndani yake. Mwanzoni mwa 1988 Shanghai ilipata mlipuko wa homa ya ini aina ya A uliogusa watu karibu 300,000, na chanzo kilikuwa kombe waliopitishwa tu kwenye maji ya moto. Kuwatia mwishoni nusu wabichi, walivyofanya kule, kunawapasha tu. Hakuwapiki.

Kwako, wachemshe wafunguke, na wakishafunguka waendelee kuchemka dakika tano. Kipimo kinachotumika kwa virusi hivyo ni nyuzi 90 ndani ya nyama kwa sekunde 90. Asiyefunguka mtupe. Watakuwa wagumu kidogo, na utamu fulani umepotea. Sikudanganyi kuhusu hilo. Kwa mke wako ningewaacha kabisa mpaka ajifungue, niongeze kamba walioiva, na supu ya maganda yao niimwage vijiko vitano sita kwenye tambi mwishoni. Huo ndio mtindo wa basah mliouzoea, na kwa bahati nzuri ndio unaosamehe zaidi udhaifu wa jiko la nyumbani: tambi zako kavu kidogo zitainywa supu hiyo na kumaliza kuiva. Ningeanza na huo, ya Penang ingoje mkaa. Yai lake liive, na chipukizi zake zipike mpaka zilegee, kwani chipukizi mbichi nazo hubeba salmonela.

Mkishakula, kama yeyote anatapika mfululizo ndani ya saa chache, anachanganyikiwa au anaishiwa nguvu, nendeni hospitali hapohapo, msingoje asubuhi. Homa ya ini inachelewa, wiki mbili hadi kumi: macho kuwa ya manjano, mkojo mweusi, kukosa hamu ya kula. Kwa mjamzito dalili moja tu kati ya hizo inatosha kumpeleka, kwa sababu aina ya E, ambayo nayo hupita kwenye kombe, ni hatari sana miezi ya mwisho ya mimba. Mwambieni daktari mlikula kombe na lini. Na kama amewahi kuvimba midomo au kubanwa kifua baada ya kula kamba, hata mara moja, alitaje kliniki ya wajawazito kabla hujawasha jiko.